Swali Moja, Majibu Matatu: Ghala la Data na Kazi Yake Katika Maamuzi ya Biashara

Mkurugenzi anauliza swali jepesi kabisa: mwezi uliopita tuliuza pampu ngapi? Idara ya mauzo inajibu 1,240. Stoo inasema 1,190. Mhasibu anafungua faili lake na kutaja 1,155. Kikao kilichopangiwa saa moja kinakula asubuhi nzima, na watu wanatoka wamenuniana, kila mmoja akiamini mwenzake hajui kuhesabu.

Wote wanajua kuhesabu. Idara ya mauzo imehesabu oda zilizopokewa. Stoo imehesabu pampu zilizotoka mlangoni, na pampu 50 za oda hizo zilikuwa hazijatoka mwezi ulipofungwa. Mhasibu ameanza na zilizotoka, akaondoa 35 zilizorudishwa na wateja. Kila namba ni sahihi kwa mwenyewe. Kinachokosekana ni mahali pamoja ambapo neno "kuuza" limepewa maana, namba tatu zikapangwa kando kwa kando, na tofauti zake zikaelezeka bila mtu kupandisha sauti.

Mahali hapo ndipo panapoitwa ghala la data. Ukiwasikiliza wauzaji wa programu utadhani ni mtambo: unanunua, unaunganisha nyaya, maamuzi mazuri yanaanza kutoka upande wa pili. Kwa miaka niliyoifanya kazi hii, mtambo umekuwa sehemu rahisi. Kinachotoa jasho ni kukubaliana maana ya maneno, na kuyakumbuka mambo ya jana jinsi yalivyokuwa jana. Karibu kila dhana ngeni utakayokutana nayo katika fani hii ilizaliwa kujibu mojawapo ya shida hizo mbili.

Kwa nini tusiuulize mfumo wenyewe?

Hili huulizwa na kila mtu, na ni swali la haki. Data yote si ipo tayari kwenye mfumo wa mauzo? Ya nini kuinakili kwingine?

Mfumo wa kuendesha shughuli, ule anaoutumia karani wa oda siku nzima, umejengwa kwa ajili ya kazi ndogondogo nyingi zinazokuja kwa pamoja. Fungua oda hii. Punguza pampu moja kwenye hesabu ya stoo. Badilisha namba ya simu ya mteja yule. Kila kazi inagusa mistari michache ya jedwali na inatakiwa iishe mteja akiwa bado hajashusha pumzi. Swali la mkurugenzi ni la aina nyingine: pitia oda zote za miaka mitatu, zipange kwa mwezi na kwa kanda, nijumlishie. Hilo linapita kwenye mamilioni ya mistari. Ukilitupia mfumo uleule saa nne asubuhi, karani atabaki anatazama kiduara kikizunguka kwenye kioo, na simu yako haitachelewa kulia.

Hata namna data inavyolazwa kwenye diski ni tofauti. Mfumo wa shughuli kwa kawaida huweka mstari mzima pamoja, yaani namba ya oda, tarehe, mteja, bidhaa, idadi, bei na anwani kwa mfuatano, maana anayefungua oda anataka kuiona yote. Maghala mengi ya siku hizi huweka safu kwa safu: tarehe zote kivyake, idadi zote kivyake. Anayetaka jumla ya mauzo kwa mwezi husoma safu mbili na kuziacha nyingine thelathini zilale. Zaidi ya hapo, thamani za safu moja hufanana sana, kwa hiyo hubanwa zikawa ndogo. Badala ya kuandika "Kaskazini" mara laki moja mfululizo, unaliandika mara moja na kuweka idadi ya marudio.

Kasi, hata hivyo, ni sababu ndogo. Kubwa ni usahaulifu. Mfumo wa shughuli kwa kawaida hushughulika na hali ya sasa. Mteja akihama, anwani mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani. Bei ikipanda, ya jana inafutika. Oda ikibadilika kutoka "imepokewa" kuwa "imetumwa", mara nyingi hakuna tena wa kukwambia ilikaa siku ngapi katikati. Kwa karani hilo halina madhara. Kwa anayetaka kujua kwa nini robo ya pili ilikuwa mbaya, ni sawa na kumuuliza habari za usiku mtu aliyeamka sasa hivi.

Jina na fasili

Mwaka 1988 Barry Devlin na Paul Murphy wa IBM walichapisha makala katika jarida la kampuni hiyo, wakapendekeza data ya biashara ikusanywe mahali pamoja kwa ajili ya watumiaji wasio mafundi. Humo ndimo walimoliita hilo ghala la data ya biashara. Haja yenyewe ilikuwa imetangulia jina: kampuni ya Teradata, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilikuwa imeshapeleka mashine yake ya majaribio katika benki ya Wells Fargo mwaka 1983 kwa kazi ya aina hii hii, kuchambua data nyingi kwa kuigawanya kwa kompyuta nyingi zinazofanya kazi sambamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani Bill Inmon akatoa fasili inayonukuliwa hadi leo. Kwa Kiswahili inakuwa hivi: ghala la data ni mkusanyiko wa data uliopangwa kwa mada, uliounganishwa, unaobeba wakati, na usiobadilishwabadilishwa, kwa ajili ya kusaidia maamuzi ya uongozi.

Kupangwa kwa mada ni jepesi. Mifumo ya shughuli hugawanywa kwa kazi: huu wa oda, ule wa ankara, ule wa malalamiko. Ghala hugawanywa kwa vitu ambavyo biashara inavifikiria: mteja, bidhaa, mauzo. Basi.

Kuunganishwa ndiko kunakokula miezi. Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipokuwa kinawasili Mars, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazisoma kana kwamba ni nyutoni. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Namba zilikuwa sahihi zilikotoka na zikawa uongo zilikofika. Kampuni haipotezi chombo cha anga, lakini kosa lenyewe ni lilelile. Mfumo mmoja unaandika tarehe 03/04 kwa mtindo wa Marekani, ukimaanisha Machi 4. Mwingine kwa mtindo wa Uingereza, ukimaanisha Aprili 3. Mmoja unahesabu kwa katoni, mwingine kwa kipande. Mmoja unaweka bei yenye kodi ndani, mwingine bila kodi. Mteja yuleyule yumo mara tatu: kwa jina kamili, kwa herufi za kwanza, na kwa jina lililokosewa na karani aliyekuwa na haraka. Kabla hujamuuliza mtu yeyote "tuna wateja wangapi", hakikisha kuna aliyekaa chini akaamua hawa watatu ni mmoja, na akaandika ameamuaje.

Ndani ya kazi hiyo hamna uchawi. Kila usiku, au kila saa, au mfululizo pale biashara inapohitaji, data hutolewa kwenye mifumo ya shughuli, husafishwa na kugeuzwa ifuate lugha moja, kisha hupakiwa ghalani. Mafundi huziita hatua hizi tatu ETL. Uzuri wa mpangilio wake unaonekana siku mambo yanapoharibika. Umeme ukikatika upakiaji ukiwa nusu, na kazi ikianzishwa upya, je, mistari iliyokwisha kuingia itaingia mara ya pili? Mfumo uliotengenezwa vizuri unaweza kurudiwa mara kumi na matokeo yakabaki yaleyale. Uliotengenezwa vibaya hugundulika mwisho wa mwezi, mauzo ya Jumanne moja yanapokuwa maradufu na kila mtu kashafurahi.

Punje na nyota

Ralph Kimball, mwingine ambaye jina lake halikosekani katika mazungumzo haya, alieneza namna ya kupanga data ambayo hata asiye fundi anaweza kuisoma. Katikati unaweka jedwali la matukio, yaani yale yaliyotokea na vipimo vyake: idadi iliyouzwa, thamani, punguzo. Pembeni unaweka majedwali ya maelezo yanayojibu nani, nini, wapi na lini: mteja, bidhaa, tawi, tarehe. Ukiyachora, la katikati linaunganishwa na ya pembeni kama miale, na mchoro ukaitwa nyota. Swali lolote la biashara linakuwa na umbo moja. Chukua kipimo katikati, kipange kwa maelezo ya pembeni. Mauzo kwa kanda kwa mwezi. Marejesho kwa bidhaa kwa tawi.

Kabla ya kuchora lolote, kuna jambo moja la kuamua, nalo ni punje: mstari mmoja wa jedwali la katikati unawakilisha nini? Oda nzima? Bidhaa moja ndani ya oda? Jumla ya siku kwa tawi? Linasikika kama swali la kitoto. Mimi lilinipa aibu yangu ya kwanza kazini.

Nilikuwa nimetengeneza ripoti ya gharama za usafirishaji kwa kampuni moja. Oda ilikuwa na gharama moja ya kusafirisha, tuseme 60, iliyoandikwa kwenye jedwali la oda. Bidhaa za oda zilikuwa kwenye jedwali jingine, mstari mmoja kwa kila bidhaa. Nikayaunganisha majedwali mawili ili nipate gharama kwa aina ya bidhaa. Oda yenye bidhaa tatu ikatoa mistari mitatu, na ile 60 ikajinakili kwenye kila mmoja. Nikajumlisha: 180. Oda za bidhaa moja zilikuwa sawa, za bidhaa kumi zimezidi mara kumi, na jumla kuu ikawa namba iliyoonekana ya kuaminika kabisa. Wakaitisha kikao na msafirishaji wao, wakamlalamikia. Msafirishaji akaleta ankara zake, na ankara zikanihukumu. Dawa ilikuwa kuchagua punje kwanza: ama gharama ikae kwenye jedwali lenye mstari mmoja kwa oda, ama igawanywe kwa bidhaa kwa kanuni iliyokubaliwa, kwa uzito au kwa thamani, kabla ya kuingia kwenye jedwali la bidhaa.

Mtego mwingine wa aina hiyo uko kwenye vipimo vyenyewe. Idadi iliyouzwa unaweza kuijumlisha upande wowote: kwa siku, kwa tawi, kwa bidhaa. Salio la stoo huwezi. Jumatatu mlikuwa na pampu 200, Jumanne 200, Jumatano 180. Hamna pampu 580. Unaweza kujumlisha salio la matawi kwa siku moja, lakini ukivuka siku, unatafuta wastani au salio la mwisho. Asilimia ndizo mbaya zaidi. Tawi moja lina faida ya asilimia 10, jingine 40, na mtu mwenye haraka anaandika wastani wa 25. Kama tawi la kwanza linauza mara tisa ya la pili, faida ya pamoja ni asilimia 13. Kwa hiyo ghalani haihifadhiwi asilimia iliyokwisha kukokotolewa. Zinahifadhiwa namba mbili zilizoizaa, mauzo na gharama, na mgawanyo hufanywa mwishoni, baada ya kujumlisha.

Mteja aliyehama

Hapa ndipo lile suala la kumbukumbu linapoonekana kwa macho, na kama ningeruhusiwa kueleza dhana moja tu ya ghala la data, ningechagua hii.

Mteja namba 4471 yuko Kanda ya Kaskazini. Amenunua kwa miaka mitatu, na meneja wa Kaskazini anahesabiwa mauzo hayo. Julai 1, 2024 mteja anahamia Kusini. Karani anabadilisha anwani kwenye mfumo, neno moja tu. Mwezi Agosti mkurugenzi anachapisha upya ripoti ya mwaka uliotangulia, na namba za Kaskazini zimeshuka. Mwaka umeshakwisha, vitabu vimeshafungwa, lakini mauzo yamehama. Meneja wa Kaskazini anatoa nakala aliyoichapisha Februari, hazilingani, na tangu siku hiyo hakuna anayeiamini ripoti.

Ghalani mteja huyo hapati mstari mmoja bali miwili. Wa kwanza una ufunguo 88: mteja 4471, Kaskazini, kuanzia Januari 1, 2021 hadi Juni 30, 2024. Wa pili una ufunguo 213: mteja 4471, Kusini, kuanzia Julai 1, 2024, mwisho haujajulikana. Ufunguo huo ni namba isiyo na maana yoyote nje ya ghala, na kutokuwa na maana ndiko kunakoifanya ifae. Mauzo ya Mei yanaelekeza kwenye 88, ya Septemba kwenye 213. Ukiuliza kwa kanda, kila muamala unabaki ulikotokea. Ukiuliza kwa namba ya mteja, yote yanakutana, maana mistari yote miwili inabeba 4471.

Kimball aliyapa mabadiliko haya namba. Aina ya kwanza ni kufuta na kuandika juu. Aina ya pili ni huo mstari mpya. Aina ya tatu ni kuongeza safu ya "kanda ya awali" kando ya ile ya sasa, na hutumika mara chache. Fundi anaweza kutengeneza zote. Asichoweza ni kuchagua peke yake. Jina la mteja lililokosewa herufi na kusahihishwa linafaa kufutwa tu, kwani hakuna faida ya kukumbuka kosa la kuandika. Kanda, daraja la mteja na kundi la bidhaa mara nyingi vinastahili historia. Lakini je, biashara inataka kulinganisha miaka kwa mgawanyo wa kanda wa wakati ule au wa leo? Meneja anayelipwa bonasi atataka wa wakati ule. Anayepanga kuajiri mawakala wapya atataka wa leo. Maswali yote mawili ni halali, na ghala lililotunza historia linaweza kuyajibu yote, mradi aliyeuliza aseme anataka lipi.

Pia kuna data inayochelewa. Muamala wa tarehe 30 unafika ghalani tarehe 3, baada ya ripoti ya mwezi kutoka. Maghala yaliyopitia misukosuko hiyo hutunza tarehe mbili kwa kila tukio: lilipotokea, na tulipolijua. Ya kwanza ni ya kupima biashara. Ya pili ni ya kujitetea unapoulizwa kwa nini namba ya leo si ile uliyoitoa wiki jana.

Ugomvi wa wazee, na mawingu

Kwa miaka mingi mafundi waligawanyika. Wafuasi wa Inmon walitaka ghala kuu la kampuni nzima lijengwe kwanza kwa utaratibu mkali, kisha ghala dogo la kila idara lichote humo. Wafuasi wa Kimball walitaka uanze na shughuli moja, mauzo kwa mfano, uijengee nyota yake, kisha uongeze nyota nyingine, kwa sharti kwamba zote zitumie majedwali yaleyale ya maelezo: mteja mmoja, kalenda moja, orodha moja ya bidhaa. Nami nina upande. Nimeona miradi iliyotumia mwaka mzima ikichora ramani ya kampuni nzima, na ramani ilipokamilika kampuni ilikuwa imeshabadilika. Anza na shughuli moja. Lakini lile sharti la Kimball si pambo. Idara tano zikijijengea nyota tano bila kalenda na orodha ya wateja ya pamoja, mmerudi kwenye kile kikao cha namba tatu, safari hii kwa gharama kubwa zaidi.

Teknolojia imepoza ugomvi huo kwa kiasi, kwa kuleta maghala ya "wingu", yaani yanayokaa kwenye kompyuta za kampuni nyingine na kukodishwa kupitia mtandao. Google ilitangaza BigQuery mwaka 2010, Amazon ikatangaza Redshift mwaka 2012, na Snowflake ikafungulia wateja wake milango mwaka 2014. Zamani kampuni ilinunua mashine kubwa yake yenyewe na kukisia itahitaji nguvu kiasi gani kwa miaka mitano. Siku hizi inakodi, na katika huduma kama BigQuery na Snowflake uhifadhi umetenganishwa na ukokotoaji: data inaweza kukaa kwa gharama ndogo huku nguvu ya kuichambua ikiwashwa inapohitajika tu. Kwa kuwa nafasi si ghali kama zamani, wengi wamegeuza hata mpangilio wa hatua: wanapakia data ikiwa ghafi, kisha wanaigeuza ikiwa tayari ghalani. Faida yake ni kwamba ukigundua ulikosea kanuni, ghafi bado ipo na unaanza upya. Hasara yake huja na bili. Pale malipo yanapofuata kiasi cha data kilichosomwa, mchambuzi anayeomba safu zote za jedwali kubwa ili atazame mistari kumi ya kwanza anaweza kulipia jedwali zima.

Mwaka huohuo wa 2010 James Dixon, aliyekuwa katika kampuni ya programu ya Pentaho, alileta neno ziwa la data. Ghala la idara alilifananisha na maji yaliyosafishwa na kutiwa chupani. Ziwa ni maji katika hali yake ya asili, kila mtu aje achote apendavyo. Ni wazo zuri kwa picha, sauti, na kumbukumbu za mashine zisizoingia kwenye majedwali. Ila ziwa lisilo na mlinzi wala orodha ya kilichomo hugeuka kinamasi upesi, na mwenye kinamasi huwa wa mwisho kukubali. Leo kuna mifumo inayojaribu kuoanisha viwili hivyo, mafaili ya ziwa yenye nidhamu ya ghala. Inafanya kazi. Bado haikwambii "mauzo" maana yake nini.

Kutoka namba hadi uamuzi

Faida ya ghala kwa mwenye kuamua ni uwezo wa kushuka. Unaona jumla, unaifungua kwa kanda, kanda kwa tawi, tawi kwa bidhaa, hadi kwenye ile punje. Uchambuzi wa namna hii ulipewa jina la OLAP mwaka 1993 na Edgar Codd, yuleyule aliyeweka msingi wa hifadhidata za majedwali mwaka 1970. Inafaa kujua kwamba andiko lake la 1993 liligharimiwa na Arbor Software, kampuni iliyokuwa ikiuza programu ya aina hiyo.

Kwa nini kushuka kuna uzito? Mwaka 1973 takwimu za waombaji wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, zilionyesha wanaume waliokubaliwa ni asilimia 44 hivi na wanawake asilimia 35. Ilionekana upendeleo wa wazi. Watafiti walipozifungua takwimu idara kwa idara, picha ile ikayeyuka. Idara nyingi hazikuwa na upendeleo dhidi ya wanawake, na kwa jumla ulibaki mwelekeo mdogo wa kuwapendelea. Wanawake walikuwa wameomba zaidi katika idara zenye ushindani mkali, zinazokataa wengi wa jinsia zote. Jumla na vipande vyake vilisema mambo mawili yanayopingana, na vyote vilikuwa hesabu sahihi. Meneja anayeona tawi fulani lina marejesho mengi kuliko mengine anaweza kuwa anatazama jambo hilohilo: pengine tawi hilo linauza zaidi ile bidhaa ambayo hurudishwa kila mahali. Kama jedwali la bidhaa halijaunganishwa na marejesho, hatalijua kamwe, na aliyeonewa ni meneja wa tawi.

Ghala lina upofu wake pia. Linajua kilichoandikwa. Pampu ya inchi mbili ilipoisha stoo kwa wiki tatu, hakuna aliyeinunua, na ripoti inaonyesha mauzo sifuri. Anayepanga manunuzi akisoma sifuri hiyo kama kukosekana kwa wateja, ataagiza chache zaidi, zitaisha mapema zaidi, na sifuri zitaongezeka. Njia ya kutoka ni kuhifadhi pia matukio yasiyo na mauzo: kila siku, kila tawi, bidhaa ilikuwepo au haikuwepo. Ni jedwali lisilo na kipimo chochote ndani yake zaidi ya "ndiyo, ilikuwepo", na mara nyingi huwa la mwisho kujengwa, kwa sababu hakuna mfumo wa shughuli unaoliandika lenyewe.

Na kutosahau kuna mipaka ya kisheria. Tangu Mei 2018, kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya inampa mtu haki, katika mazingira fulani, ya kudai taarifa zake zifutwe. Ghala lililojengwa kwa imani kwamba hakuna kinachofutwa hujikuta halijui jina la mtu huyo limenakiliwa majedwali mangapi. Walio makini hutenga taarifa za utambulisho mahali pamoja, na huku kwingine huacha ufunguo tu, ili kufuta pale pamoja kusivuruge hesabu za miaka.

Turudi kikaoni. Ghala limejengwa, na ripoti ya mkurugenzi ina mistari mitatu chini ya neno pampu: zilizoagizwa 1,240, zilizotoka 1,190, zilizobaki kwa wateja 1,155. Kando ya kila namba kuna sentensi moja inayosema imehesabiwaje na nani aliyeikubali. Hakuna anayebishana. Mkurugenzi anaisoma, anaweka kalamu kwenye pengo kati ya mstari wa kwanza na wa pili, na kumgeukia mkuu wa stoo: "Hizi 50 zimekwama wapi?"